Daftari la Safu Mbili

Daftari lenyewe lilikuwa la kawaida: jalada gumu la buluu, kurasa mia mbili, na uzi wa katani uliolifunga kwenye mpini wa friji lisije likapotea. Kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa rula na kalamu nyekundu. Safu ya kushoto iliandikwa juu yake "Anayekabidhi"; ya kulia, "Anayepokea". Kilichokabidhiwa na kupokelewa humo, mara mbili au tatu kwa siku, kwa saa na dakika, alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitano ambaye nyumba nzima ilimwita Njugu.

Aliyelianzisha ni mama yake. Alikuwa muuguzi katika wodi ya watoto njiti, wale wanaowahi duniani kabla ya miezi yao kutimia, na kwa miaka kumi na moja hakuna aliyemwita kwa jina jingine ila Sista. Majirani walimwita hivyo, muuza mboga alimwita hivyo, hata mama mkwe wake, alipotaka kumkumbusha kwamba kazi ilikuwa imemmeza, alimwita hivyo. Katika wodi ile muuguzi anayemaliza zamu haondoki mpaka apite na anayeingia kitanda kwa kitanda, wasome pamoja uzito, pumzi na maziwa ya kila mtoto, kisha waweke sahihi mbili. Ukutani palibandikwa karatasi yenye maneno matatu: Kisichoandikwa hakikutendeka, basi. Sista aliyaamini maneno hayo kama watu wengine wanavyoamini dua za mama zao.

Mumewe alikuwa mwongozaji wa treni. Kazi yake ilikuwa ghorofani, juu ya stesheni, mbele ya ubao mpana wenye taa nyekundu na kijani, na simu tatu mezani. Huko sheria ilikuwa nyingine. Karatasi zilikuwepo, lakini kilicholinda roho za watu ni sauti: agizo likitolewa kwa simu, halihesabiwi limepokewa mpaka aliyelisikia alirudie neno kwa neno. "Treni ya mizigo isubiri reli ya tatu." "Narudia: treni ya mizigo isubiri reli ya tatu." Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi mno hata wenzake wakampa liwe jina. Walipenda kusimulia kwamba siku ya ndoa, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, Narudia alijibu kwa utulivu: "Narudia: naulizwa kama namkubali. Namkubali." Hakuwahi kukanusha.

Basi hao wawili, wakiwa na kazi mbili zisizojua Jumapili wala usiku, walimlea mtoto wao kwa kupishana kama ndoo za kisima kimoja: moja ikipanda, nyingine inashuka. Hapo kabla kulikuwa na binti wa kuwasaidia, akaolewa. Akaja mwingine, akadumu wiki tatu, akasema nyumba hii haina mtu wa kuzungumza naye. Ndipo Sista alipochora safu zake mbili.

Mwanzoni daftari lilikuwa na maneno ya pembeni. Katika kurasa za kwanza, chini ya "Amekula nusu, kikohozi kimepungua", mtu angeweza kusoma mwandiko wa Narudia: "Nimekuachia chai kwenye chupa. Usiinywe kwa hasira." Na chini yake, wa Sista: "Nimeinywa kwa hasira. Ilikuwa tamu." Kurasa thelathini baadaye maneno hayo yalipungua. Kufikia mwezi ambao mambo haya yalitokea, kulikuwa na joto la mwili, idadi ya kikohozi, kiatu kinachobana na jino linalotikisika, na miezi minne ilikuwa imepita bila mstari hata mmoja unaomhusu mtu mwingine zaidi ya Njugu.

Jumatano hiyo ukurasa ulisema hivi, kwa mwandiko wa Sista: "Saa tisa alasiri, Baba anamchukua shuleni. Mimi zamu ya jioni." Upande wa kulia palikuwa na sahihi ya Narudia. Alikuwa ameiweka tangu Jumapili, pamoja na sahihi za siku nyingine zote za wiki, saba kwa mkupuo mmoja, kwa sababu alikuwa anawahi kazini na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Wodini, kusaini kabla ya kupokea kungempeleka mtu mbele ya kamati. Sista aliliona jambo hilo, akalinyamazia. Nyumbani si wodini.

Saa moja na dakika ishirini asubuhi simu iliita. Sista alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, Njugu katikati ya magoti yake, chanuo mdomoni, akisuka mstari wa pili kati ya minne. Alibonyeza spika kwa kidole cha mwisho.

"Mama Njugu."

"Mmh."

"Mwenzangu kaugua. Nimeambiwa niunganishe zamu, sitoki saa nane tena. Mwambie jirani amchukue mtoto. Umenisikia?"

"Haya, sawa."

"Sawa nini?"

"Si nimesikia, Baba Njugu! Mtoto mwenyewe hatulii hapa."

Narudia alikuwa amesimama kwenye korido, nje ya chumba cha taa, ambako simu za mkononi haziingii. Kila mmoja huiacha yake kwenye kabati dogo lenye kufuli. Lau aliyemjibu "haya, sawa" angekuwa mkuu wa stesheni yoyote katika njia ile, asingemwachia mpaka arudie kila neno. Lakini huyu alikuwa mkewe, na mara ya mwisho alipomwomba arudie, mkewe alimuuliza asubiri reli ya ngapi. Alifungia simu kabatini, akarudi kwenye taa zake.

Sista, kwa upande wake, alikuwa amesikia sauti, si maneno. Akili yake ilikuwa kitanda cha sita, kwa mtoto wa gramu mia tisa ambaye jana yake alisahau kupumua mara mbili na mara mbili akakumbushwa kwa kukunwa unyayo. Mikono ilikuwa imejaa nywele, haikuandika kitu. Mstari wa nne ulipokwisha hapakuwa tena na kitu cha kuandika. Njiani kwenda shule Njugu alisema jambo fulani, Sista akamjibu, wakaendelea na safari. Saa saba na nusu mchana, kabla ya kutoka, alifanya alichokifanya kila siku: alilitazama daftari. Akaona sahihi ya mumewe. Akafunga mlango, akapita mbele ya mlango wa jirani, fundi cherehani, uliokuwa wazi, akamsalimu vizuri, akaulizia nyuzi zake, akaenda kazini.

Shule ya chekechea hufungwa saa tisa. Saa kumi mwalimu alipiga simu ya baba, ikaita kabatini. Akapiga ya mama. Ikaita ndani ya mkoba, katika chumba cha kubadilishia nguo, mlango mmoja kabla ya pale watu wanaponawa mikono hadi viwiko. Namba ya tatu kwenye fomu ilikuwa ya mama yake Narudia, anayeishi mwendo wa dakika arobaini kwa basi. Saa kumi na moja na nusu alifika. Alimkuta mjukuu wake ameketi kwenye kibanda cha mlinzi, akimfundisha mlinzi majina ya herufi.

Katikati ya zamu Sista aliletewa karatasi na mfanyausafi. Ujumbe ulikuwa umepokewa kwa simu ya mezani na kuandikwa kama ulivyosemwa: "Mama mkwe anasema mtoto yuko naye. Usikimbie, umeshachelewa. Jumamosi anakuja."

Sista aliisoma mara tatu. Kisha, kwa kuwa alikuwa na sindano mkononi, alimaliza sindano.

*

Bibi alifika Jumamosi saa tatu asubuhi akiwa na begi kubwa la safari. Lilikuwa tupu, lilikunjika ubavu alipoliweka sakafuni, na hakuna aliyehitaji kuuliza lilikuja kuchukua nini. Shule ilikuwa imefungwa jana yake kwa likizo.

"Shikamoo, mama," alisema Sista.

"Marahaba. Naona leo mpo wote. Mnamzika nani?"

"Mama nawe," alisema Narudia.

"Nauliza tu. Miezi sasa nikija namkuta mmoja, na mwingine nasoma kwenye friji."

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi kubwa. Kwa miaka ishirini na minane alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, na alikuwa amestaafu na kuingia katika nyumba ya vyumba vitatu ambamo alipika sufuria dogo mpaka akachoka kuliangalia. Alimtaka mjukuu wake. Alimtaka kwa ajili ya mtoto, na alimtaka kwa ajili yake mwenyewe pia, na hakuwa mtu wa kutenganisha mambo hayo mawili.

Aliketi. Njugu alikuwa sakafuni chini ya meza, akichora basi.

"Nimelisha watoto mia nne kwa siku," alianza. "Jioni tulikuwa tunawahesabu. Miaka ishirini na minane hakupotea hata mmoja. Nyinyi mna mmoja."

Aliinua kidole kimoja.

"Mkono mmoja haulei mwana, hilo nalijua. Ila nyinyi mna minne, na mtoto kapenya katikati. Nimekuja kumchukua. Akae kwangu mpaka aanze darasa la pili. Kwangu kuna shule, kuna uwanja, na kuna mtu nyumbani."

"Darasa la pili ni miaka miwili, mama," alisema Narudia.

"Hesabu unaijua. Au basi mmoja apunguze kazi."

Alisema "mmoja" bila kutaja nani, lakini kila alipolitamka macho yake yalitua kwa Sista.

Sista aliinuka, akafungua fundo la uzi, akalileta daftari mezani. Hakulileta kwa ubishi. Alilileta kama alivyozoea kuleta kumbukumbu za mgonjwa daktari anapohoji, kwa imani kwamba mtu akisoma ataona. Bibi alivaa miwani, akafunua kurasa polepole, akilowanisha kidole.

"Hapa pameandikwa kakohoa mara sita. Mlihesabu?"

"Ndiyo, mama."

"Mara sita." Akafunua tena. "Maziwa, robo tatu ya kikombe. Choo, kizuri. Hongereni. Na siku mliyomsahau mliandika wapi?"

"Haikuandikwa."

"Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu."

"Fisi alikuwa peke yake, mama," alisema Sista. "Sisi tuko wawili."

"Basi na mwenzako alikuwa njia gani?"

Hapo ndipo wawili hao walipogeukiana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano walisema walichokuwa wakikizunguka.

"Nilikuambia kwenye simu," alisema Narudia.

"Uliweka sahihi."

"Nilipiga simu, nikasema, ukajibu sawa."

"Na sahihi yako ilikuwa pale pale. Mtu akisaini kapokea. Ungetaka nijue vingine ungerudi ukaifuta?"

"Nirudi nyumbani niifute? Nikiwa na treni sita barabarani?"

"Na mimi nikumbuke maneno ya simu nikiwa na—"

"Ungerudia tu! Sekunde mbili!"

"Wewe ungengoja nirudie! Si ndiyo kazi yako?"

Hilo lilikuwa kweli. Bibi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake bila haraka. Alikuwa ameshashinda, na alijua.

Miwani ikiendelea kufutwa, Sista alihisi jambo ambalo hakulitarajia. Aliona miaka miwili mbele yake: usingizi baada ya zamu ya usiku bila mtu kumfungua jicho kwa kidole, kuingia wodini bila kuitazama saa, kukaa dakika kumi zaidi na mtoto wa kitanda cha sita bila kumwibia mtu mwingine dakika hizo. Ilikuwa nafuu, safi kabisa, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Ilidumu labda pumzi tatu. Kisha ikamtisha, na kilichomtisha zaidi ni jinsi ilivyokuwa tamu.

"Mimi nilimwambia mama," alisema Njugu.

Wote watatu waliinama kutazama chini ya meza. Mtoto hakuinua kichwa. Alikuwa anaweka magurudumu.

"Ulimwambia nini?" aliuliza baba yake.

"Kwamba baba haji. Simu ilisema baba haji, jirani ndiye anakuja. Nikamwambia mama pale kwenye duka la dawa. Mama akasema, 'Baba anakuja, imeandikwa.'"

Sista aliliona duka la dawa. Aliuona mlango wake wa chuma uliopakwa rangi nusu, alisikia sauti ndogo upande wa kushoto wa kiuno chake, na alijisikia akijibu. Imeandikwa. Alikuwa amelisema kwa upole, kwa sauti ile ile anayowatuliza nayo akina mama wapya. Miaka kumi na moja alikuwa amekabidhi watoto wasioweza kusema neno. Mwili wao ulisema, na wakubwa wakaandika. Mumewe alikuwa amekabidhi treni, nazo hazina maoni juu ya reli zinazopangiwa. Kila mmoja alikuwa ameleta nyumbani sheria bora ya kazi yake, na hakuna sheria kati ya hizo mbili iliyokuwa na nafasi ya anayekabidhiwa kufungua mdomo.

"Mwalimu alikuuliza nani anakuja?" Narudia alisema taratibu.

"Hakuniuliza. Aliangalia karatasi."

Bibi alicheka kidogo, puani. "Haya. Kama huyu ndiye aliyekuwa na habari, basi aulizwe yeye." Alisema hivyo kwa kujiamini, kwa kuwa Jumatano alikuwa amemtengenezea mtoto huyo vitumbua, na Alhamisi asubuhi Njugu alikataa kumwachia shingo. "Njugu, mke mwenzangu, njoo hapa. Unataka kwenda kukaa kwa bibi?"

"Ndiyo," alisema Njugu bila kusita.

Narudia alifumba macho. Sista aliangalia begi.

"Mmesikia," alisema Bibi.

"Mpaka siku baba hana treni na mama hana watoto," aliendelea Njugu.

"Watoto gani tena?"

"Wale wadogo wa kazini. Siku hiyo waje wanichukue. Wote wawili, sio mmoja."

"Na akija mmoja?"

Njugu alifikiri, kalamu ya rangi ikiwa mdomoni. "Akija mmoja nitabaki."

Ukutani, kando ya friji, zilining'inia ratiba mbili za zamu, ya hospitali na ya reli, kila moja na rangi zake. Narudia alizibandua, akazilaza mezani sambamba, akapitisha kidole juu ya zote mbili siku baada ya siku. Kidole kilikwenda, kikakwenda, kikaingia mwezi uliofuata.

"Siku ishirini na tatu," alisema.

"Siku ishirini na tatu!" Bibi alipiga paja. "Mke na mume wanaolala kitanda kimoja! Basi niacheni nipakie nguo za baridi na za joto."

Narudia alichukua simu, akatoka kwenye korido, na kupitia mlango uliokuwa wazi walimsikia akimbembeleza mwenzake ambaye sauti yake haikusikika. "Jumapili. Si ya kesho, ile inayofuata... Nachukua usiku wako wa Jumamosi, wewe unachukua Jumapili yangu yote... Hapana, usiniambie sawa. Rudia." Alisikiliza hadi mwisho. "Hapo sawa." Sista naye alimpigia mwenzake wa wodini, yule aliyewahi kumshikia zamu mara tatu na ambaye hakuwa na sababu ya kumshikia ya nne. Alimwahidi zamu mbili za usiku kwa moja ya mchana. Aliandika mabadiliko hayo kwenye ratiba kwa kalamu nyekundu.

Siku ishirini na tatu zikawa nane.

"Nimekubali," alisema Bibi. "Lakini na mimi nasema langu. Saa nne asubuhi, siku hiyo. Akija mmoja, simtoi, na habari ya darasa la pili tusiizungumze tena. Mtoto kasema mwenyewe."

Makabidhiano yalifanyika mlangoni. Sista aliandika kushoto. Bibi, aliyekuwa amelidhihaki daftari asubuhi nzima, aliweka sahihi kulia kwa herufi kubwa za mtu aliyesaini hesabu za magunia maisha yake yote. Narudia alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Tutakuja kukuchukua Jumapili ya wiki ijayo, saa nne asubuhi."

"Narudia," alisema Njugu, akiwa ameshika mkono wa Bibi. "Mtakuja Jumapili ya wiki ijayo saa nne asubuhi wote wawili."

"Wote wawili sikusema."

"Umesahau tu."

*

Nyumba isiyo na mtoto wa kupokezana haikuwa na makabidhiano. Jumapili na Jumatatu kurasa zilibaki tupu, safu zake nyekundu zikiwa zimesimama bure. Wawili hao walipishana mlangoni kama kawaida, na kwa kuwa hapakuwa na joto la mwili wala kikohozi cha kuripoti, waligundua kwamba hawakujua waanzie wapi. Jumanne Narudia alimuuliza mkewe wodini hali ikoje. Sista alimwambia kuhusu kitanda cha sita, na akashangaa kuona mumewe hajawahi kusikia habari zake. Alhamisi, Sista aliporudi asubuhi, alikuta katika safu ya kushoto maneno haya ya mumewe: "Chai iko kwenye chupa. Nimeionja." Alisimama mbele ya friji na koti lake la kazi. Kisha akaweka sahihi kulia.

Jumapili saa moja na nusu asubuhi simu yake iliita. Ilikuwa wodi.

"Sista, mapacha watatu wameingia alfajiri, kilo moja moja, na yule uliyebadilishana naye yuko peke yake na mwanafunzi. Njoo, tafadhali. Saa mbili tu. Unajua nisingekupigia."

Alijua. Alijua pia saa mbili za wodi zinavyohesabiwa. Alikuwa ameshavaa gauni lake la kutokea, na mkoba ulikuwa begani. Katika miaka kumi na moja hakuwahi kuikataa simu ile. Mara nyingi ndiye aliyekuwa mlangoni kabla mpigaji hajakata.

"Narudia," alisema, na neno likatoka geni mdomoni mwake, kama meno ya mtu mwingine. "Wameingia mapacha watatu, mpo wawili, mnaniomba nije. Nimesikia yote. Siji."

"Sawa, Sista," sauti ilisema upande wa pili, na simu ikakatwa bila kuaga.

Alisimama kidogo, mkono ukiwa umeshika kitasa. Hakujisikia shujaa. Alijisikia kama mtu aliyeacha dirisha wazi mahali fulani.

Narudia alimkuta kituo cha basi, akitoka moja kwa moja kwenye zamu ya usiku, macho mekundu kama taa zake mwenyewe. Saa tatu na dakika tano walipanda. Walikuwa na dakika arobaini za kukaa bega kwa bega, jambo ambalo hakuna kati yao aliyeweza kukumbuka lilitokea lini mara ya mwisho. Sista alikuwa amekusudia kumweleza habari ya simu. Kabla hajaanza, kichwa cha mumewe kilimwangukia begani, kikalala. Alikiacha. Alitazama nje, akahesabu pumzi zake kwa mazoea, na pumzi zilikuwa nzuri.

Njugu alikuwa barazani. Alikuwa amevaa viatu, vyote viwili, mguu wa kulia kushoto.

"Kavivaa tangu saa kumi na mbili," alisema Bibi akiwa mlangoni. Begi lilikuwa nyuma yake, limejaa na kufungwa. Nani alilipakia, na saa ngapi, hakusema. "Nimemwambia saa nne bado, akasema yeye anamalizia zamu."

Njugu aliwahesabu kwa kidole. "Mmoja. Wawili." Kisha akahesabu tena kutoka upande wa pili, kuhakikisha.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika nane. Sista alitoa daftari mkobani, Bibi akaomba kalamu. Safari hii jina lake lilikuwa upande wa kushoto, na mkono uliopitisha sahihi za magunia ulichukua muda mrefu kidogo kuandika. "Mtoto mkorofi," alisema. "Anahesabu sana. Jumapili nyingine mje naye kula, au na nyinyi pia mnahitaji kubadilishana zamu ili mle?"

"Tutakuja, mama."

"Wangapi?"

"Watatu," alisema Narudia.

Bibi aliingia ndani kabla hawajatoka getini. Walisikia sufuria likiwekwa jikoni, dogo.

Mapacha wawili walikua. Wa tatu alifariki Jumapili hiyo hiyo mchana, na daktari alisema, na daftari la wodi linasema, kwamba asingepona hata wangekuwa wauguzi kumi. Sista aliusoma ukurasa huo mara kadhaa. Mwenzake aliyeikamata zamu ile hakumsalimu kwa siku tano. Siku ya sita walikutana kwenye sinki la kunawia na mmoja akamsogezea mwingine sabuni. Zamu mbili za usiku alizoahidi Sista alizilipa. Narudia alikuwa ameshalipa usiku wake wa Jumamosi. Ratiba hazikubadilika, wala hakuna aliyepunguza kazi, na watu waliotarajia hivyo, kila mmoja kwa sababu zake, walikata tamaa.

Kilichobadilika ni ukurasa. Jumatatu Sista alichukua rula na kalamu nyekundu, akachora mstari mmoja zaidi, akapata safu ya tatu, nyembamba, isiyo na kichwa. Humo Njugu huchora duara akishaambiwa siku yake na kuirudia kwa sauti. Asipochora, hakuna anayetoka.

Asubuhi hiyo ya kwanza alikuwa katikati ya magoti ya mama yake, mstari wa pili ukisukwa, daftari mapajani mwake.

"Leo jirani anakuchukua saa tisa," Sista alisema, chanuo likiwa mdomoni.

"Narudia: leo jirani ananichukua saa tisa." Alichora duara lake kwa uangalifu, akalipaka rangi ndani. Kisha akageuza shingo, nywele zikavutika, akamtazama mama yake usoni. "Baba anatoka saa nne usiku, atanikuta nimelala, lakini atanifunika. Ameniambia. Na wewe rudia."

Sista alitoa chanuo mdomoni, akarudia.